Skrini moja, kazi mbili: ya gemu na ya michoro

Leo naweka kando programu na hifadhidata, tuongee kuhusu kioo ambacho sote tunakikodolea macho kutoka asubuhi hadi usiku. Nimeulizwa mara nyingi swali hili: "Nataka skrini ya kuchezea gemu na pia ya kufanyia dizaini, ninunue gani?" Jibu ambalo wajuzi wengi hulitoa ni kwamba ununue mbili. Ni jibu zuri kwa mwenye meza mbili na mfuko mnene. Sisi tuna meza moja, sebule ndogo, na mwezi tuliokuwa tunanunua tulikuwa na shilingi 42,000, ambazo 15,000 kati yake zilitoka kwenye chama cha mke wangu. Kwa hivyo swali kwetu halikuwa la anasa.

Niwaeleze hali ilivyokuwa. Mimi naandika programu. Mchana natumia kipakatalishi cha kazi, na usiku, mtoto akishalala, nakaa kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe, napiga Counter-Strike na wenzangu kwa saa moja au mbili. Mke wangu ni mbunifu wa michoro. Kadi za harusi, mabango ya mazishi, mabango ya kanisa, vibandiko vya chupa, yote hayo hutengenezwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kazi yake ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, yangu inalipa karo na chakula. Asije mtu akadhani hapa gemu na dizaini zilikuwa na kura sawa.

Skrini tuliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 22, paneli ya aina ya TN, ya miaka mingi. Ilinitosha mimi. Kisha kikundi kimoja cha kina mama wanaofungasha asali wakaagiza vibandiko 2,000. Rangi waliyotaka ni ile ya asali yenyewe, dhahabu inayoelekea kahawia. Kwenye skrini ilionekana tamu. Vibandiko viliporudi kutoka kwa mchapaji vilikuwa na rangi ya chai ya strungi. Mchapaji alisema mashine yake imechapa nambari zilizomo ndani ya faili, na tulipozitazama nambari hizo, alikuwa anasema kweli. Mama Neema akaniita. "Baba Neema, hebu inama kidogo utazame." Nikainama, rangi ikawa dhahabu. Nikasimama, ikafifia. Nikakaa sawasawa, juu ya skrini ikawa rangi moja na chini nyingine, ilhali faili ni lile lile. "Sasa," akasema, "ipi kati ya hizi ndiyo rangi yangu?" Vibandiko vikachapwa upya kwa pesa zake mwenyewe, na faida ya kazi ile ikaishia hapo.

Basi tuanze na paneli, maana ndipo mambo mengi yanapoamuliwa. Skrini bapa nyingi madukani ni za kioevu fuwele, yaani LCD. Nyuma kuna taa, mbele kuna fuwele zinazoziba au kupitisha mwanga, na tofauti ya TN, VA na IPS ni jinsi fuwele hizo zinavyojipanga na kugeuka. TN ni teknolojia iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fuwele zake zimesokotwa kama kamba, na umeme ukipita zinasimama wima. Ni rahisi kutengeneza na zina kasi, lakini ukitazama kutoka juu, chini au upande, mwanga unapita kwa namna tofauti na rangi inageuka. Ndiyo siri ya asali yetu. IPS ilitolewa na kampuni ya Hitachi ya Japani katikati ya miaka ya 1990. Fuwele zake hulala na kuzunguka zikiwa zimelala, kwa hivyo rangi haibadiliki sana hata ukikaa kando na mteja wako. Zamani zilikuwa nzito kwa gemu, picha ikikimbia inavuta mkia. Siku hizi tatizo hilo limepungua mno, kuna IPS za 165 Hz na 240 Hz.

VA iko katikati. Weusi wake ni mweusi kweli kweli, pengine mara tatu ya IPS kwa tofauti ya weusi na weupe, na ukicheza gemu ya giza au kutazama filamu utaipenda. Ubaya wake ni kwamba kwenye nyingi za bei ya chini, vitu vyeusi vinavyosonga huacha moshi nyuma, na rangi hubadilika kidogo ukisogea kando. Tena VA nyingi za gemu zimepindwa. Mtu anayechora mstari mnyoofu siku nzima kwenye kioo kilichopinda, mimi simwelewi, ingawa wapo wanaozoea.

OLED nazo zimeingia kwa nguvu tangu 2022. Kila pikseli inajitolea mwanga wake, weusi ni kuzima tu, na kasi yake haina mfano. Kwa gemu ni peponi. Lakini mke wangu anafungua programu ya kuchora saa nane, na vitufe vile vile viko upande ule ule wa kushoto siku zote, na OLED ina tabia ya kubaki na alama ya kitu kisichosonga. Isitoshe bei yake ingemeza bajeti yetu na kudai nyongeza. Tukaiacha, bila machozi.

Sasa ukubwa na pikseli. Hapa watu wanadanganyika na inchi. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 kwa kila inchi. Chukua pikseli zile zile uzitandaze kwenye inchi 27, zinabaki 82 hivi, na ukikaa sentimita 60 kutoka hapo utaanza kuziona chembe moja moja kwenye herufi ndogo. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 inatoa kama 109. Hapo herufi zimekaa vizuri bila kulazimika kuzikuza, na upande kuna nafasi ya kuweka vifaa vya programu ya kuchora. Ile ya 4K ya inchi 27 ni 163, inapendeza sana kwa maandishi na picha, ila kumbuka kila pikseli lazima ichorwe na kadi yako ya picha. 1080 ni pikseli milioni 2 na kidogo. 1440 ni milioni 3.7. 4K ni milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza. Kadi yangu ni Radeon RX 6600, ambayo ni kadi ya heshima lakini si ndovu. Kwa Counter-Strike kwenye 1440 inatosha na kubaki, kwa gemu nzito za hadithi napunguza mapambo mawili matatu. Kwa 4K ingekuwa kumbebesha punda lori. Kwa hivyo 1440 ikashinda, na hilo halikutuchukua hata nusu saa kulikubali.

Kasi nayo. Skrini ya 60 Hz hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya 144 Hz kila milisekunde 6.9, ya 165 kila 6.1, ya 240 kila 4.2. Tazama hesabu hizo vizuri. Kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10. Kutoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya 3. Ile hatua ya kwanza kila mtu anaiona, hata mama mkwe ataiona ukisogeza kipanya mbele yake. Ya pili ni ya wanaolipwa kucheza. Mimi silipwi, nachekwa tu.

Ukiona maandishi "1 ms" kwenye boksi, usiyachukue kama neno la Mungu. Kuna vipimo viwili vinavyobeba jina hilo. Kimoja hupima muda wa pikseli kutoka kijivu hadi kijivu kingine, na mara nyingi hupatikana ukiwasha mpangilio wa kusukuma pikseli kwa nguvu mpaka picha inaanza kuacha mkia mweupe badala ya mweusi. Kingine hupima ukungu wa picha inayosonga, na hupatikana kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma haraka haraka, jambo linalopunguza mwangaza. Weka mpangilio huo katikati, usahau namba.

Cha maana zaidi kwa mwenye kadi ya kawaida ni skrini inayoweza kungojea kadi. Gemu ikishuka kutoka picha 140 kwa sekunde hadi 90, skrini nayo ishuke, la sivyo utaona picha imechanika katikati. Nvidia walianza na G-Sync mwaka 2013, shirika la VESA likaweka Adaptive-Sync kwenye DisplayPort mwaka 2014, AMD wakaja na FreeSync juu yake, na tangu Januari 2019 kadi za Nvidia pia zinakubali skrini za mtindo huo. Kwa hivyo siku hizi huna haja ya kulipia zaidi ili kupata kitu hicho.

Tufike sasa kwenye rangi, ambako ndiko nilikokaa usiku tatu nikisoma huku chai ikipoa.

Mwaka 1996 HP na Microsoft walikubaliana kuhusu kipimo cha rangi kinachoitwa sRGB, ili nyekundu ya kompyuta yangu na nyekundu ya kompyuta yako ziwe ndugu. Tovuti nyingi, picha nyingi za simu, na faili nyingi zisizosema lolote kuhusu rangi, huchukuliwa kuwa ni sRGB. Mwaka 1998 Adobe wakatoa Adobe RGB, pana zaidi hasa upande wa kijani na samawati, kwa kuwa wino wa wachapaji unaweza kutoa baadhi ya rangi ambazo sRGB haifiki. Halafu kuna P3 ya sinema, ambayo imepanuka zaidi upande wa nyekundu. Skrini za gemu za leo hujisifia kwa hiyo P3: "asilimia 95!" Na mnunuzi anadhani kubwa ni bora.

Hapo ndipo penye mtego. Skrini yenye upeo mpana ikipewa faili la sRGB bila mtu wa kutafsiri katikati, inachukua "nyekundu ya mwisho" ya sRGB na kuionyesha kama nyekundu ya mwisho yake yenyewe, ambayo ni kali zaidi. Rangi zote zinatiwa chumvi. Uso wa bibi harusi unakuwa kama amepigwa jua la Lodwar. Kwenye gemu inapendeza, nyasi zinang'aa, damu ni damu. Lakini mbunifu anayepunguza ukali wa rangi kwa sababu skrini yake inazidisha, ataletewa kazi iliyopauka kutoka kwa mchapaji. Ni ile asali yetu tena, safari hii kwa mlango mwingine.

Kwa hivyo nilichokuwa natafuta hakikuwa upana. Nilitafuta skrini ambayo ndani ya menyu yake ina mpangilio wa sRGB unaobana rangi zirudi kwenye mipaka yake, na, sikilizeni hili, usiofunga kitufe cha mwangaza. Skrini nyingi zina mpangilio huo, lakini ukiuwasha mwangaza unabaki pale walipoutaka wao, mara nyingi mkali kupita kiasi kwa chumba cha usiku. Jambo hilo halijaandikwa kwenye boksi lolote. Inabidi usome majaribio ya watu waliopima, au ubonyeze mwenyewe dukani.

Nilikwenda Luthuli Avenue siku ya Jumanne, maana Jumamosi huko huwezi hata kugeuka. Nilibeba flashi yenye picha chache: kijivu kitupu, nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu kinachotoka gizani hadi mwangani kwa ngazi, na picha ya ngozi zetu, ya familia, siyo zile za wazungu zinazokuja na kompyuta. Mfukoni nilikuwa na kibandiko kimoja cha asali, kile kilichochapwa vizuri mara ya pili, na faili lake.

Duka la kwanza muuzaji alinipokea kwa furaha. "Hii ni gemu kabisa bosi, na ni 4K." Nikaangalia karatasi ya nyuma, paneli ni 1920 kwa 1080. Alichomaanisha ni kwamba ukiipa picha ya 4K inaipokea, halafu inaipunguza. Kupokea na kuwa nazo ni vitu viwili. Duka la pili walikuwa na skrini zilizotumika kutoka Uingereza, zile tunazoziita ex-UK, za ofisi, IPS ya inchi 24 kwa bei ambayo ilinifanya nisite. Kwa mbunifu tu anayeanza, nawaambia wazi, hiyo ni njia nzuri sana, ila tazama zisiwe zile za zamani sana zenye taa za mirija, kwani hizo huchoka na kuelekea manjano. Kwetu zilikuwa za 60 Hz, zikanipita.

La tatu lilikuwa na ile niliyoitaka. Sitaitaja jina kwa sababu kampuni hizi hubadilisha paneli kila mwaka na kubakiza jina, ukanunua ya kwako ukaja kunilaumu. Inchi 27, IPS, 2560 kwa 1440, 165 Hz, biti 8, tundu mbili za HDMI na moja ya DisplayPort. Muuzaji aliitundikia video ya samaki wa rangi rangi. Nikamwomba atoe samaki, nikachomeka flashi yangu kwenye kompyuta yake. Kijivu kitupu kilionyesha pembe ya chini kulia ina mwanga kidogo, si vibaya. Nyeupe tupu, hakuna pikseli iliyokufa. Nikaingia menyu, nikawasha sRGB, nikajaribu mwangaza, ukasogea. Nikafungua faili la kibandiko, nikashika kibandiko chenyewe kando ya kioo. Muuzaji akauliza, "Bosi, wewe unanunua monita ama asali?" Nikamwambia vyote. Tukaanza kwa 44,000, tukamalizia 39,500 pamoja na kebo ya DisplayPort, nikalipa kwa M-Pesa, akaniandikia risiti yenye namba ya skrini na dhamana ya mwaka. Msisahau risiti.

Kebo hiyo si mapambo. HDMI ya toleo la 1.4 haiwezi kupitisha 1440 kwa kasi ya 144, inakwama karibu na 75, na kuna watu wanaocheza mwaka mzima kwa 60 Hz kwenye skrini ya 165 kwa sababu ya waya au kwa sababu hawakubadilisha mpangilio kwenye kompyuta. Baada ya kuchomeka ni lazima uende kwenye mipangilio ya skrini uchague kasi mwenyewe. Jambo jingine la HDMI: wakati mwingine kadi hudhani imeunganishwa na televisheni na kutuma weusi kuanzia 16 badala ya 0. Picha inakuwa kama imepakwa majivu. Ukiona hivyo, tafuta mpangilio wa upeo kamili.

Nyumbani rafiki yangu mpiga picha akatuazima kifaa cha kupimia rangi, kile kinachoning'inizwa mbele ya kioo kama buibui. Programu tuliyotumia ni ArgyllCMS pamoja na DisplayCAL, zote huria, zote zinafanya kazi kwenye Linux. Tukaweka weupe wa 6500 K, gama 2.2, mwangaza 100, ambao ni wa wastani kwa mtu anayelinganisha na karatasi. Kabla ya kusawazisha, kosa la wastani la rangi lilikuwa 3.2, baada ya hapo likawa 1.0. Chini ya 2 jicho la kawaida linapata taabu kuona tofauti. Mama Neema alitazama namba hizo kwa sekunde moja, akasema, "Sawa, nionyeshe asali." Akaonyeshwa.

Kuna kitu hakikusahihishwa na skrini wala kifaa. Taa ya sebule yetu ilikuwa ya manjano, na karatasi chini ya taa ya manjano huwa ya manjano, hata skrini iwe safi vipi. Wachapaji hutazama karatasi chini ya mwanga wa 5000 K. Tulinunua balbu nyeupe ya kawaida ya mezani, na akitaka uhakika anatoka na sampuli hadi kwenye veranda mchana.

Mpangilio wa kwanza wa menyu sasa ni wake: sRGB, mwangaza chini, mwanga wa buluu usiguswe. Wa pili ni wangu: rangi zote zimefunguliwa, 165 Hz, FreeSync, nyasi zing'ae zinavyotaka. Kubadilisha ni kubonyeza mara mbili. HDR nimeizima, kwa sababu hiyo HDR 400 inayoandikwa kwenye skrini za bei hii haidai taa za nyuma zigawanywe katika sehemu, na bila hivyo inachofanya ni kuongeza mwangaza wa kioo kizima.

Wale kina mama wa asali walirudi mwezi uliopita na oda ya vibandiko 3,000, wakaongeza picha ya ua la mgunga. Safari hii mchapaji alitoa sampuli moja kwanza. Tukaitazama kwenye veranda, tukarudi nayo kwenye skrini. Dhahabu ilikaa pale pale. Kijani cha majani kilikuwa mbali kidogo, Mama Neema akapunguza samawati kwenye faili, akatuma tena, na wenzangu wa Counter-Strike wakaanza mechi bila mimi kwa sababu kiti kilikuwa na mwenyewe.